Msiulize kabila, pimeni damu

Ndugu wa Kasongo na Kabambare, nanyi mulioko Kindu, Bukavu, Kalemie na Kinshasa mukitufuata kwa simu,

Kuko neno moja limeanza kuzoeleka kwetu, na hatuwezi kuendelea kulisikia tukinyamaza. Linasemwa kwa farmasi, linasemwa kwa mlango wa kituo cha afya, juzi lilisemwa hata ndani ya mkutano wetu wenyewe: "Ile dawa haipatane na damu ya watu wetu. Muwaachie wale wengine." Na "watu wetu" hapo maana yake ni kabila. Mzula analisema, Mkusu analisema, Mbangubangu na Mbuyu wa Kabambare vilevile. Kila mmoja ana kinini chake anachokiogopa, na kila mmoja ana jirani ambaye, eti, kinini hicho hakimfanyi kitu.

Hatutaki kumcheka mtu. Ndani ya neno hilo kuko kipande cha ukweli, tutakieleza. Lakini kuko pia kipande cha uongo, na hicho kilikaribia kutuletea maiti.

Majira ya mvua iliyopita, mdogo wa mmoja wetu, mtoto wa miaka tisa hivi, alishikwa na homa. Mama yake alifanya kile tunachofanya wote: alienda kwa duka la dawa, akaeleza, akapewa vinini vya rangi tatu ndani ya karatasi iliyokunjwa. Hakuna jina, hakuna boksi. Siku ya pili mkojo wa mtoto ukawa mweusi sawa Coca. Macho yakageuka manjano. Akashindwa kusimama. Ndipo mtu mmoja akatamka neno: sumu. Mbele ya magaribi sumu ilikuwa imepata mwenyewe, mama jirani aliyempa mtoto sahani ya bugali na sombe siku ile ya kwanza. Ushahidi wote ulikuwa kwamba yeye si wa kabila la ile nyumba.

Tulikuwa sita mbele ya mlango wake. Vijana waliokuja na mafimbo tunawajua, wengine tulisoma nao. Tulisimama pale mpaka shefu wa avenyu akafika. Mtoto alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akatiwa damu, akapona, leo anacheza mpira. Kwenye fishi yake waliandika "malaria kali" basi. Hakuna aliyeuliza alikunywa dawa gani, na hata angeuliza, nani angejua? Yule mama alihama. Mpaka leo hajarudi.

Sasa tuseme kile kipande cha ukweli.

Dawa ikiingia mwilini haikai bure. Inapita kwa ini, na ndani ya ini kuko mafundi wadogo, wataalamu wanawaita vimeng'enya, ambao wanaikata, wanaigeuza, wanaitayarisha itoke kwa mkojo au kwa choo. Namna mafundi hao wanavyofanya kazi tunairithi kwa baba na mama. Kuko watu ambao mafundi wao wanafanya kazi mbio sana, dawa inaisha mbele haijasaidia. Kuko wengine ambao wanafanya polepole, dawa inajazana na kuwa sumu kwa dozi ileile ambayo mwenzake ameimeza bila shida. Hiyo si hadithi ya mitaani. Inasomwa kwenye vyuo.

Na si ini peke yake. Chukua kile kinachoitwa upungufu wa G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtu aliyekipungukiwa anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, mpaka siku anakunywa dawa fulani: primakini ya malaria, dapsoni ya ukoma, na nyingine kadhaa. Hapo chembe zake nyekundu zinapasuka. Mkojo unakuwa mweusi, macho manjano, nguvu zinaisha. Someni tena habari ya yule mtoto. Hatuapi kwamba ndicho kilimpata, kwa kuwa hakupimwa, na malaria kali yenyewe inaweza kuleta mkojo wa namna hiyo. Ila tunaona aibu kwamba watu walikimbilia mafimbo mbele ya kukimbilia labo.

Upungufu huo uligunduliwa kwa njia isiyopendeza. Huko Marekani, ndani ya gereza la Stateville, jimbo la Illinois, madaktari walijaribisha dawa za malaria juu ya wafungwa. Waliona kwamba karibu mmoja kati ya kila wafungwa kumi Weusi damu yake ilikuwa inapasuka wakimpa primakini, na Wazungu karibu hakuna. Mwaka 1956 wakatambua kwamba kilichopungua ni G6PD. Hapo watu mingi walikimbilia kusema: basi ni ugonjwa wa Weusi. Haiko hivyo. Nendeni kisiwa cha Sardinia kule Italia, mutakuta Wazungu wenye upungufu huohuo, wanaougua wakila maharagi ya fava tu. Mutaukuta Ugiriki, Uarabuni, India. Kilichounganisha Sardinia na Maniema si rangi wala ukoo. Ni mbu. Mahali malaria iliua watu karne na karne, wenye upungufu huo waliokoka zaidi kidogo, wakazaa, wakaurithisha.

Na kuna jambo moja linatufurahisha kidogo katika habari hii. Jeni ya G6PD inakaa mahali ambapo mtoto mwanaume anairithi kwa mama yake peke yake. Lakini kabila unaloandika kwenye karatasi, familia nyingi kwetu zinalihesabu kwa baba. Yaani munganga akimuuliza kijana "wewe ni kabila gani?" ili ajue kama primakini itamdhuru, anauliza upande usiohusika kabisa.

Msifikiri hatari hii ni ya vitabu. Mwaka 2003 ilitoka dawa ya malaria kwa jina la Lapdap, iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya Afrika, bei yake ndogo. Ndani yake mlikuwa na dapsoni. Mwaka 2008 kampuni iliiondoa sokoni, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha inapasua damu ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Ilikuwa imelengwa kwa bara ambalo upungufu huo ni wa kawaida. Tuachieni tuseme: hapo walitakiwa kupima vizuri mbele ya kuuza, si nyuma.

Wengi wetu tuna ndugu wanaokunywa dawa za kupunguza makali ya SIDA. Wale walioanza zamani wanakumbuka efavirenzi. Dozi ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima. Kuko waliolala wakaota ndoto za kutisha kila usiku, waliozunguka kichwa asubuhi mpaka wakashindwa kwenda shamba, waliosikia sauti. Majirani walisema majini, wengine walisema urogi. Wataalamu wa Afrika, pamoja na kundi la Collen Masimirembwa kule Harare, walionyesha kwamba fundi wa ini anayeiondoa efavirenzi, jina lake CYP2B6, ni mpole mno kwa watu wengi sana wa Afrika kuliko kwa Wazungu. Dozi iliyoonekana ya kawaida ilikuwa nyingi mno kwao. Baadaye utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba miligramu 400 zinatosha. Leo dolutegraviri imechukua nafasi yake sehemu nyingi. Lakini ni wangapi waliacha dawa katikati kwa sababu ya zile ndoto, wakaenda kwa mafundi wa majini, wakafa? Hakuna aliyewahesabu.

Basi mutasema: munaona sasa, damu yetu kweli ni tofauti! Ngojeni kidogo.

Kodeini, ile dawa ya maumivu na ya kikohozi, ini linaigeuza kuwa morfini. Mtu mwenye fundi wa mbio anajikuta na morfini nyingi ghafla. Mtoto anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana OMS iliacha kuipendekeza kwa watoto mwaka 2012. Utafiti wa 1996 ulikuta kwamba Ethiopia karibu watu 29 kwa 100 wana fundi huyo wa mbio sana. Tanzania, inchi ya pili tu kutoka hapo, ni wachache kuliko hao kwa mbali. Sasa huyo "Mwafrika" ambaye dawa inampata namna moja ni nani? Hayuko. Mwaka 1972 Richard Lewontin alihesabu kwamba tofauti za urithi kati ya watu duniani, kama sehemu 85 kwa 100, ziko ndani ya kundi moja, kati ya mtu na jirani yake. Sehemu ndogo tu ndiyo inatenga kundi na kundi. Basi Wazula wawili wa avenyu moja wanaweza kuachana kwa namna ya kupokea dawa kuliko Mzula na Mbangubangu.

Na tusidanganyane juu ya makabila yenyewe. Kasongo ilikuwa mji mkuu wa Tippu Tip. Walikuja hapa Wangwana wa pwani, Wanyamwezi waliobeba mizigo, watu waliokamatwa kutoka pande zote za Lomami na Lualaba, na mwaka 1893 Dhanis akaingia na askari wake, nao pia walitoka kila mahali. Walioa, walizaa, wakapewa majina ya hapa. Kiswahili hiki tunachoandika ni matokeo yao. Leo nenda Salamabila kwenye dhahabu: Washi, Warega, Waluba, Wabembe, wote wanalala kambi moja na wanazaa watoto. Mtoto wa pale umuandike kabila gani kwenye fishi ili infirmie ajue dozi?

Kuko pia mambo yanayofanana na kabila lakini si kabila. Mukumbuke Mectizan, dawa ya onko inayogawiwa vijijini. Kuko vijiji watu wanaikimbia, wanasema imeua watu wa ukoo wao. Katika inchi yetu, miaka ya 2003 na 2004, kweli watu walipata madhara makubwa baada ya kuinywa, wengine walikufa, hasa upande wa Bas-Congo. Sababu ilikuwa mnyoo mwingine, Loa loa, ule unaoonekana ukipita ndani ya jicho. Unaletwa na nzi wa msituni. Mtu akiwa na minyoo hiyo midogo zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu, Mectizan inaiua yote kwa mara moja na ubongo unaumia. Familia nzima inakaa kando ya msitu uleule, inaumwa na nzi walewale; ukitazama kwa mbali utasema ni ukoo. Kameruni walifanya nini? Walichukua darubini ndogo inayofungwa kwenye simu, wakahesabu minyoo ya kila mtu palepale kijijini. Wenye mingi hawakupewa dawa. Wengine, zaidi ya 15,000, walipewa, na hakuna aliyeumia ubongo. Tone la damu na dakika chache. Hakuna aliyeulizwa baba yake ni wa kabila gani.

Na pale madaktari wenyewe walipoamua kutumia rangi badala ya kipimo, iliharibika. Dawa nyingi zinatoka kwa figo, kwa hiyo munganga anahesabu nguvu ya figo ili ajue dozi. Hesabu moja iliyotoka Marekani mwaka 2009 ilisema: mgonjwa akiwa Mweusi, zidisha matokeo kwa 1.159. Yaani figo yako inaonekana nzima kwa karibu sehemu 16 zaidi kuliko ya Mzungu mwenye damu ileile kwenye chupa. Mgonjwa ambaye figo zinaisha anaambiwa bado, na dawa anapewa kamili. Ni Wakongomani walioenda kupima kweli: daktari Justine Bukabau wa Kinshasa na wenzake, pamoja na timu ya Abidjan, walichapisha mwaka 2019 kwamba kwa watu wetu hesabu inakaribia ukweli zaidi ukiondoa kile kizidisho cha rangi. Marekani wenyewe walikiondoa mwaka 2021. Tungependa kila labo ya Maniema ihakikishe leo kwamba mashine yake haizidishi tena.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Tofauti kati ya miili iko, inaua, na serikali ina deni la kuipima. Lakini kabila si kipimo. Anayetumia kabila kama kipimo anakosea dozi, na siku dawa ikimkosea mgonjwa, anamkosea jirani.

Watatujibu kwamba Kasongo ni mbali, hakuna barabara, hakuna stima, utafiti ni wa miji mikubwa. Hapo hatukubali hata kidogo. Wanafunzi wa afya ya jamii wa dunia nzima wanalijua jina la Kasongo. Toka 1971 timu ya Wakongomani na Wabeljiki wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen ilijenga hapa vituo vya afya vinavyozunguka hospitali moja, wakaandika kila kitu, wakahesabu watoto nyumba kwa nyumba. Mwaka 1981 gazeti la Lancet lilichapisha hesabu ya Kasongo juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto. Hesabu ile haikutoka Kinshasa. Ilitoka kwa madaftari ya hapa, yaliyojazwa na wazee ambao wengine bado tunawasalimia njiani. Barabara ilikuwa mbaya pia wakati ule.

Tena, inchi yetu inaweza. Malale inaijua Maniema vizuri. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyefikwa na malale kichwani alipigwa sindano ya melarsoprol, dawa yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua kama watu 5 kwa kila 100. Halafu fexinidazoli, ambayo ni vinini tu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 394 hapa RDC na Afrika ya Kati, daktari Victor Kande Betu Ku Mesu akiongoza, na mwishoni mwa 2018 ikakubaliwa. Dozi yake ilitafutwa juu ya miili yetu, si kwa kukisia kutoka miili ya wengine. Ndivyo tunataka kwa dawa zote tunazokunywa kila siku.

Kwa wakubwa wa zoni za afya za kusini mwa Maniema tunaomba, na tukisema tunaomba munatujua, tutarudi: vipimo vya haraka vya G6PD viwe kwenye kila hospitali kubwa, viko vya tone moja la damu na vinatoa jibu kwa dakika. Kila madhara ya dawa yaandikwe na kutumwa kwa Kituo cha Taifa cha kufuatilia madhara ya dawa, pale Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kiko kwa kazi hiyo. Na ACOREP, ambayo kazi yake ni kusimamia dawa za inchi hii, itume watu wake mpaka kwenye maduka ya Kasongo na njia ya pikipiki zinazotoka upande wa Fizi. Kabla hatujalaumu ini la mtu, tujue kwanza kama kile kinini ni dawa au ni chaki.

Nanyi wafuasi wetu, tafadhali, msitumie andiko hili kwa kukata dozi nusu au kuacha dawa. Anayeota vibaya, anayezunguka kichwa, arudi kwa aliyemuandikia, aseme. Mkojo ukiwa mweusi au macho manjano baada ya dawa mpya, ni hospitali saa ileile, usiku au mchana, na mubebe boksi la dawa au hata ile karatasi iliyokunjwa. Mukinunua, dai jina liandikwe. Muuzaji akikataa kuandika, pita. Na mutu akitamka sumu mbele yenu, ulizeni swali moja kwa sauti mbele ya watu wote: "Alikunywa dawa gani?"

Sisi hatukungoja. Tumenunua daftari kwa mfuko wetu na limeanza kuzunguka Kasongo-mjini. La Kabambare litafuata pikipiki ya kwanza barabara ikikauka. Tumechora safu sita: siku, umri, mwanaume au mwanamke, jina la dawa, ilinunuliwa wapi, nini kilitokea. Jina la mgonjwa haliandikwi. Mzee mmoja aliyetusaidia kuchora mistari aliuliza safu ya kabila iko wapi, tukamueleza, akafikiri, akasema basi muweke safu ya kijiji na ya msitu ulio karibu. Amesema vizuri. Tumeiongeza.